Tukishasaini mahudhurio, maoni yetu huenda wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mtaa wetu uko kando ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam. Tumetangaziwa kwa kipaza sauti kwamba Jumamosi kutakuwa na mkutano wa wadau kuhusu njia mlishi za mabasi yaendayo haraka (zile zinazoleta abiria kutoka mitaani hadi kwenye njia kuu), pamoja na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli itakayofuata mto hadi kituoni. Katika mikutano iliyopita tulisaini mahudhurio, tukasikiliza hotuba, tukauliza maswali mawili matatu, tukanywa soda na kuondoka. Hatukuwahi kujua maoni yetu yalikwenda wapi. Je, kuna maana ya kwenda tena, na tukienda tufanye nini?

Jibu: Mwalimu, maana ipo, ila haikai pale ambapo wengi wetu huitafuta. Tunaingia ukumbini tukiamini kwamba mkutano wa wadau ndipo jambo linapoamuliwa, kwamba aliyezungumza kwa ufasaha na kupigiwa makofi ameshinda, na kwamba mgeni rasmi akitikisa kichwa basi ombi limekubaliwa. Mkutano wa namna hiyo hauamui chochote. Kazi yake ni kuzaa karatasi mbili, yaani muhtasari wa kikao na jedwali la maoni ya wadau, na hizo ndizo zinazofungwa kwenye ripoti na kufika kwa mhandisi msanifu, kwa taasisi yenye mradi, kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na kwa mfadhili, ambao takriban wote hawakuwapo siku ile. Kwao, lisilo kwenye karatasi hizo halikusemwa.

Nimefanya kazi ya mipango miji kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekaa upande wa meza wa wale wanaoandika, kwa hiyo niruhusu nikuonyeshe jinsi maneno ya ukumbini yanavyogeuka kuwa maandishi. Mzee anasimama, anasalimia, anaeleza jinsi barabara ilivyochongwa yeye akiwa kijana, anamkumbusha diwani ahadi zake, na mwishoni kabisa anafika kwenye lile linalomuuma, ambalo ni mtaro unaomwaga maji mlangoni kwake kila masika. Ni hoja nzuri. Lakini mwandishi, ambaye ana foleni ndefu ya wasemaji wa kuandika kabla ya chakula cha mchana, anaweka mstari mmoja kwenye safu ya maoni: "Mwananchi aliomba suala la mifereji litazamwe." Kwenye safu ya majibu, ambayo mara nyingi hujazwa ofisini siku kadhaa baadaye, panaandikwa: "Maoni yamepokelewa, usanifu utazingatia." Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyefungwa na lolote.

Chukua sasa hoja ileile ikisemwa hivi: "Karavati lililo kati ya lango la shule na mashine ya kusaga ni dogo. Mvua za Aprili hupita juu ya barabara kwa upande wa bondeni, na wanafunzi hushindwa kuvuka. Tunaomba mchoro uonyeshe kipimo cha karavati jipya la mahali hapo." Maneno haya ni machache kuliko ya mzee, lakini hayafupishiki, kwa sababu kila sehemu yake ina kazi: mahali panajulikana, tatizo linajulikana, na kinachoombwa ni kitu ambacho kipo kwenye mchoro au hakipo. Mhandisi atakayelisoma jedwali atalazimika ama kutoa kipimo, ama kueleza kwa nini karavati lililopo linatosha. Akiandika tena "usanifu utazingatia", yeyote anayekagua ripoti, hasa mkaguzi wa upande wa mfadhili, ataona kwamba swali halikujibiwa. Ukiniuliza nichague jambo moja tu la kuwafundisha majirani zako kabla ya Jumamosi, nitachagua hili la kusema mahali, tatizo na ombi, na kuishia hapo.

Kuhusu haki yenu ya kuwapo, msiwe na wasiwasi, kwa kuwa anayewaita hawafanyii hisani. Ibara ya 21 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005, inamtaka mwenye mradi mkubwa autangaze kwa wananchi, akusanye maoni yao na kuyaweka kwenye ripoti anayoiombea cheti cha mazingira. Hata hivyo sikushauri usimame ukumbini na kusoma vifungu. Vifungu vinafaa kwenye barua. Ukumbini vinakula muda na kuwafanya wataalamu wa mradi wajihami kabla hamjaanza kuzungumza.

Swali la kwanza la kuuliza, tena mapema, kabla ya mawasilisho kumalizika, ni hili: mradi uko hatua gani? Miradi ya barabara hupita kwenye upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi unafaa, kisha usanifu wa awali, kisha usanifu wa kina, kisha zabuni, ndipo mkandarasi aingie kazini, na kila hatua inafunga milango fulani. Wakati wa upembuzi yakinifu bado mnaweza kuhoji njia ipite wapi na kama basi linafaa kuliko kitu kingine. Wakati wa usanifu wa awali mnaweza kusogeza kituo, kubadilisha upande wa njia ya miguu au kuomba daraja dogo juu ya mto. Usanifu wa kina ukishaanza, yaliyobaki ni vipimo, vivuko, taa, mifuniko ya mitaro, miti na mahali pa kukaa. Baada ya zabuni, kila badiliko lina bei ndani ya mkataba, na jibu mtakalopewa litakuwa la adabu lakini hapana. Wananchi wengi wametumia nguvu zao zote kudai jambo la hatua iliyopita, wakaacha kudai yale ambayo bado yalikuwa mikononi mwao.

Jiji letu lenyewe lina mfano wa tofauti ya kuzungumza mapema na kuzungumza baadaye. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, ilianza kubeba abiria Mei 2016, na karakana yake ikawekwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi. Mafuriko yaliyofuata yaliizamisha karakana hiyo zaidi ya mara moja na kusimamisha huduma, na sasa kuihamisha ni sehemu ya mradi mwingine mkubwa wa kuliendeleza bonde. Maandalizi ya mpango wa bonde hilo yalipofanyika mwaka 2018, utaratibu ulikuwa tofauti: wataalamu, taasisi za serikali na wawakilishi wa wakazi walikaa pamoja katika mfululizo wa vikao vya kuchora, kabla michoro haijawa ya mtu. Sisemi kwamba mpango uliotokana na vikao vile umewaridhisha wote, kwa maana wanaohamishwa bondeni wana masikitiko yao na wanayo sababu. Ninachosema ni kwamba anayejua maji ya mto hufika wapi usiku wa mvua kubwa ni mkazi wa ukingoni, na maarifa hayo yana thamani kubwa kabla ya zege kumwagwa.

Hata ngazi ya mahakama imewahi kulitazama suala hili la wakati. Nchini Kenya, ambako kanuni za tathmini ya mazingira zinafanana sana na zetu, Mahakama ya Taifa ya Mazingira ilifuta Juni 2019 kibali cha mradi wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu. Haukuwa mradi wa usafiri, lakini sababu mojawapo inatuhusu: vikao na wananchi vilifanyika mwanzoni, kabla ya utafiti kukamilika, na matokeo ya utafiti hayakurudishwa kwao ipasavyo ili wayatolee maoni. Kwa hiyo mkiambiwa Jumamosi kwamba utafiti bado unaendelea, ombeni iandikwe kwenye muhtasari kwamba wananchi wameomba kurejeshewa matokeo kabla ripoti haijawasilishwa NEMC, na muulize ni lini na wapi.

Swali la pili ni barabara hiyo ni ya nani, na hapa ndipo wananchi wengi huzungushwa bila mtu kuwa na nia mbaya. Barabara ya Bagamoyo iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa. Barabara za mitaani zitakazotumiwa na mabasi ya njia mlishi, kama ni za wilaya, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017. Mfumo wa mabasi yaendayo haraka na vituo vyake uko chini ya Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, yaani DART. Nauli na leseni za daladala ni za LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Soko, vibanda, usafi na vibali vya ujenzi ni vya manispaa. Na mto una wenyewe pia, kwa sababu matumizi ya maji na kingo zake yanaihusu Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mhandisi wa DART akikujibu kwamba mtaro wa mtaani si wake, anasema kweli, lakini usiishie hapo. Muulize ni nani, na umwombe mwenyekiti wa kikao amtaje kwa taasisi kwenye muhtasari kama anayetakiwa kujibu. Hoja isiyo na mwenye kuijibu huachwa.

Njia ya kando ya mto inahitaji jicho la peke yake, nami ningependa mkae nayo zaidi kuliko mabasi, kwa kuwa mabasi yana watetezi wengi na njia ya miguu haina. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinaweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni ambamo shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira ya mto, haziruhusiwi. Njia ya miguu huenda ikaruhusiwa kupita humo, lakini namna inavyojengwa ina uzito: tuta refu la zege linaweza kugeuka ukuta unaorudisha maji kwenye nyumba za ng'ambo, wakati njia ya vitofali iliyolala chini, yenye sehemu za maji kupita, itazama siku mbili za mafuriko na kuibuka ikiwa nzima. Ulizeni njia iko juu kiasi gani kutoka usawa wa ardhi ya sasa. Ulizeni pia nani ataisafisha matope baada ya mvua, nani atalipia umeme wa taa, na kama taa zimo ndani ya bajeti ya mradi au ni "baadaye". Njia nzuri isiyo na taa hutumika mchana tu, na baada ya saa moja usiku wanawake na wanafunzi wa jioni hurudi kutembea kando ya lami pamoja na malori.

Jambo lingine ambalo michoro huwa hailionyeshi ni pikipiki. Awamu ya kwanza ya Barabara ya Morogoro ilijengwa na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, na yeyote anayeipita asubuhi anajua kwamba bodaboda huzipenda kuliko lami, na kwamba penye kituo chenye watu wengi hutokea meza ya machungwa, kisha meza ya chaji za simu, kisha kibanda. Siwalaumu wafanyabiashara wadogo, kwa sababu wanafuata wateja. Lakini kama usanifu haukuwatengea mahali, watachukua mahali pa mtembea kwa miguu, na mgambo hawatakuwapo kila siku. Ombeni waonyeshwe kwenye mchoro: kijiwe cha bodaboda kiko wapi, sehemu ya mama lishe na machinga iko wapi, nguzo za kuzuia pikipiki zimeachana kiasi gani, na je, kiti cha magurudumu kinapita kati yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kufikia miundombinu ya umma, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu akisema mwenyewe kwamba nguzo hizo zinamzuia, hakuna mhandisi atakayemwambia kwamba hajui anachosema.

Sasa nije kwako wewe kama mwalimu, kwa sababu una kitu ambacho washauri waelekezi hulipwa fedha nyingi kukitafuta. Unao wanafunzi wanaotembea kila siku. Katika siku zilizobaki, wapangie wanafunzi wa madarasa ya juu wachore ramani ya njia wanazopita kutoka nyumbani hadi shuleni, waweke alama mahali wanapovuka barabara, mahali wanapoogopa na mahali maji yanapokaa. Simama langoni asubuhi mbili na uhesabu ni wangapi wanavukia wapi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili. Piga picha, na nyuma ya kila picha andika tarehe na mahali. Kazi ya namna hii imewahi kuzaa matunda hapahapa Dar es Salaam: shirika la Amend, kupitia mpango wake wa SARSAI, lilianza kwa kuchunguza ni wapi wanafunzi wa shule za msingi wanagongwa, kisha likaweka vitu visivyo na gharama kubwa, kama matuta, njia za miguu, alama, vivuko na vizuizi. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI ya Marekani. Vitu vyenyewe havikuwa na maajabu. Nguvu yake ilikuwa kwamba kila tuta liliwekwa mahali palipothibitishwa kuwa na hatari.

Kabla ya Jumamosi kuna kazi moja zaidi, nayo ni ngumu kuliko kuhesabu wanafunzi. Mwombeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa awakutanishe ninyi kwa ninyi, hata kwa saa moja. Mtaa hauna sauti moja. Wenye nyumba kando ya barabara wanahofia kubomolewa, wapangaji wa ndani wanataka kituo kiwe karibu, bodaboda wanahofia kwamba basi la njia mlishi litawaondolea abiria, wenye magari hawataki matuta, na yupo anayelima mchicha kwenye ukingo uleule mnaotaka njia ipite. Mkibishana haya kwa mara ya kwanza mbele ya mradi, muhtasari utaandika kwamba "wananchi walikuwa na maoni tofauti", na kwa mtaalamu wa mipango aliyechelewa na kazi hilo ni sawa na kupewa ruhusa ya kuendelea na mchoro wake. Hamlazimiki kukubaliana juu ya yote. Mnahitaji kukubaliana juu ya machache, tuseme kivuko cha shule, karavati na taa, na hayo machache yasemwe na watu tofauti kwa maneno yanayolingana. Yule wa mchicha na yule wa bodaboda waachieni waseme ya kwao kwa haki, maana kuwanyamazisha mtaani kutawarudia ukumbini.

Ndani ya ukumbi, angalieni ratiba. Wenyeji wengi husubiri hadi "mengineyo" ili waseme yaliyo moyoni, na wakati huo mgeni rasmi anatazama saa, wataalamu wamefunga kompyuta zao na mwandishi ameshaanza kupanga kurasa. Hoja zenu zisemwe mara tu baada ya mawasilisho ya kitaalamu, mchoro ukiwa bado ukutani, na msemaji asogee aonyeshe kwa kidole. Jueni ni nani anayeandika. Kwa kawaida ni kijana aliyekaa pembeni, wala si yule anayeongoza mazungumzo, na ni busara kumpelekea nakala ya hoja zenu iliyochapwa au kuandikwa kwa mkono unaosomeka. Nimeona mara nyingi jinsi karatasi ya aina hiyo inavyoingia kwenye jedwali neno kwa neno, kwa sababu rahisi kwamba inampunguzia kazi. Kabla ya kufunga, mmoja wenu aombe kwa heshima kwamba hoja zilizopokelewa zisomwe. Zikisomwa mbele ya watu, ni vigumu kwa mstari kupotea njiani.

Na zile karatasi za kusaini, someni kichwa chake kwanza. Orodha ya mahudhurio ni orodha ya mahudhurio, inathibitisha kwamba ulikuwapo, na hakuna ubaya kuisaini hata kama kuna nauli au soda mbele yake. Lakini karatasi isiyo na kichwa, au yenye maneno ya kuridhia mradi, ni kitu kingine. Ukiona haina kichwa, mwombe mwandishi akiandike kabla hujaweka jina lako, na kama mtu atakuona msumbufu kwa hilo, vumilia.

Suala la fidia nitaligusa kwa ufupi, kwa kuwa lina utaratibu wake na wataalamu wake. Hifadhi (ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara) ya barabara kuu na za mkoa kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, ambapo zamani zilikuwa mita 22.5, na ndiyo maana mmeona alama za X zenye rangi mbili. Kwa kawaida nyekundu huwekwa kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, na ya kijani kwa aliyefuatwa na nyongeza, ambaye anastahili kulipwa. Ombeni fidia iwe na kikao chake na mthamini wake. Ikiachwa itawale mkutano wa Jumamosi, na itatawala kama hamkuizuia, saa tatu zitapita bila mtu kutaja kivuko cha shule. Vivyo hivyo nauli: LATRA huitisha mikutano yake ya kupokea maoni kabla ya kupanga nauli, na lipo baraza la kuwatetea watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC, ambalo hupokea malalamiko na maoni. Mhandisi wa kituo hana la kusema juu ya nauli.

Baada ya mkutano ndipo kazi yenu inapoanza kuonekana, na hapa ndipo palipokatikia zamani. Ndani ya juma moja andikeni barua fupi kwa taasisi yenye mradi, nakala kwa mkurugenzi wa manispaa, kwa diwani na kwa mtendaji wa mtaa. Iorodheshe hoja mlizotoa, itaje tarehe na mahali pa kikao, na iombe mambo mawili: nakala ya muhtasari na jedwali la maoni, na majibu ya maandishi kwa kila hoja. Ipelekeni kwa mkono na mrudi na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ofisi ya umma inatakiwa kumjibu raia aliyeomba taarifa ndani ya siku 30. Ikipita kimya, barua ya pili inaitaja ya kwanza pamoja na muhuri wake, na hapo ndipo kifungu cha sheria kinapopata mahali pake.

Diwani wako msimwache nje, hata kama hamkumpigia kura. Hoja ya mtaa hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwenye kamati ya mipango miji na mazingira ya manispaa, kisha kwenye Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo mwaka na ambalo mikutano yake iko wazi kwa wananchi kusikiliza. Jambo la barabara kuu au ya mkoa linaweza pia kufika kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa. Katika vikao vyote hivi kuna ajenda iitwayo yatokanayo, ambamo kila lililosemwa kikao kilichopita hurudi na swali la limefikia wapi. Mkiweza kuiingiza hoja yenu kwenye muhtasari mmoja wa kata, itarudi yenyewe kwenye yatokanayo ya kikao kinachofuata, na mtendaji atalazimika kuwa na jibu.

Umeuliza kama kuna maana ya kwenda tena. Inawezekana kabisa kwamba Jumamosi mtaonyeshwa mchoro uliokwisha kukubaliwa, na mtaligundua hilo mtakapouliza swali la hatua. Nendeni hata hivyo, ila badilisheni orodha yenu. Acheni kupigania kituo kisogezwe, na mwulizeni mkandarasi, au atakayemwakilisha, mambo ya kipindi cha ujenzi, ambacho kwenye barabara kama hizi huchukua zaidi ya mwaka na kupita katikati ya mihula yenu ya masomo: wanafunzi watavukia wapi wakati mtaro umechimbwa na haujafunikwa, gari la maji litamwagilia vumbi mara ngapi kwa siku, malori ya kifusi yatapita barabara ipi wakati shule inafunguliwa na kufungwa, ni nani atakayesimama na bendera pale langoni, na daftari la malalamiko la mradi litawekwa ofisi gani, likishikwa na nani, kwa namba gani ya simu. Namba hiyo iandikwe kwenye muhtasari, kisha uibandike kwenye ubao wa matangazo wa shule.